Punda Mwenye Moyo na Masikio: Mafunzo ya Mkomani kwa Wapenzi wa Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri kabla hajamaliza shule ya msingi, zipo tatu zinazomhusu punda. Ya kwanza ni "punda haendi bila kigongo". Ya pili ni "fadhila ya punda ni mateke". Ya tatu ni "punda afe, mzigo wa bwana ufike". Methali hizi zikiwekwa pamoja, hutupatia picha kamili ya mnyama huyu. Ni mkaidi asiyeelewa lugha yoyote isipokuwa fimbo; ni hayawani asiyejua shukrani; na uhai wake ni duni kuliko mzigo alioubeba. Picha hii imeingia vitabuni, ikapita madarasani, na hatimaye imefika mikononi mwa watoto wanaokabidhiwa punda na kamba yake.

Makala haya yanashikilia mambo matatu. Kwanza, picha hiyo si ya kweli. Pili, ina madhara kwa punda, kwa mtoto anayemwongoza na kwa taaluma ya Kiswahili yenyewe. Tatu, mahali panapofaa zaidi kuisahihisha picha hiyo ni Mkomani, katika mji wa Lamu, ambako punda na mwanadamu wameishi bega kwa bega katika vichochoro vile vile kwa karne nyingi.

Punda katika mji wa Amu

Mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, umegawanyika tangu zamani katika sehemu mbili kuu. Mkomani iko kaskazini na Langoni iko kusini. Mkomani ndiko kulikojengwa nyumba nyingi za mawe ya matumbawe, zenye madaka, sebule na milango iliyonakshiwa. Nyumba hizo zimesongamana kiasi kwamba njia nyingi zilizopo baina yake haziwezi kupitisha gari hata kama dereva angetaka. Mnamo mwaka 2001, UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wanaokuja kuutazama urithi huo huvutiwa na kuta, milango na misikiti. Ni wachache wanaojiuliza mawe ya kuta hizo yalifikaje pale yalipo.

Yalifikishwa na punda. Chokaa, mchanga, saruji, boriti za mikoko, magunia ya mchele, nazi na mitungi ya gesi, vyote hivi hushushwa kutoka majahazini na mashuani, vikapandishwa juu ya mgongo wa punda na kuingizwa mjini. Ukarabati wa nyumba yoyote ya Mkomani ni kazi ya fundi na punda kwa pamoja. Kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba urithi huu wa dunia umejengwa, na unaendelea kushikiliwa, na mnyama ambaye methali zetu zinamdhihaki.

Mchango wa punda haukuishia kwenye mizigo. Mashindano ya mbio za punda ni miongoni mwa shughuli zinazosubiriwa kwa hamu kubwa wakati wa sherehe za Maulidi na wakati wa Tamasha la Utamaduni la Lamu. Vijana hupanda punda bila tandiko, wakaambaa pwani huku umati ukiwashangilia. Mshindi huwa na jina mjini mwaka mzima. Kwa mtoto wa kiume wa Mkomani au Langoni, kumudu punda ni hatua mojawapo ya kuhesabiwa miongoni mwa vijana.

Afya ya wanyama hao nayo imepata mtetezi. Taasisi ya The Donkey Sanctuary, iliyoasisiwa Uingereza na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, ilifungua kituo cha matibabu ya punda katika mji wa Lamu mwaka 1987. Tangu wakati huo punda wa mji huo wametibiwa bila malipo vidonda vya mgongoni, minyoo, kwato zilizoharibika na maumivu ya tumbo yatokanayo na kula takataka. Kazi hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, daktari hutibu kidonda baada ya kutokea. Anayeweza kukizuia kidonda kisitokee ni yule mtoto mwenye kamba mkononi. Swali la msingi basi ni hili: mtoto huyo amefundishwa nini, na amefundishwa kwa lugha gani?

Mafunzo yanayoanzia chini

Katika shule za kupanda farasi, ziwe za Uingereza au za Nairobi, mwanafunzi makini hapandishwi juu ya mnyama siku ya kwanza. Huanzia chini. Hufundishwa namna ya kumkaribia farasi, kumfunga kamba ya kichwani, kumtembeza, kumsimamisha, kumpiga brashi na kumwinua kwato. Farasi wa shule huwa amekwisha kupandwa na wanagenzi wengi, na subira yake ndiyo mtaji wa shule nzima. Mwanafunzi asiyejua kumheshimu akiwa chini hataweza kumwamuru akiwa juu. Wazo hili si geni. Xenophon, mwandishi wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliandika kitabu kizima kuhusu upandaji farasi, na humo akaonya kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira.

Kama farasi anahitaji mafunzo ya namna hiyo, punda anayahitaji zaidi. Farasi akitishika hukimbia. Punda akitishika husimama. Tofauti hii ina asili yake. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wametokana na wanyama waliofugwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, takriban miaka 7000 iliyopita. Mababu wao ni punda mwitu wa nchi kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika, na wachache waliobaki wangali wakipatikana Ethiopia na Eritrea. Katika nchi yenye mawe na malisho haba, mnyama anayekurupuka ovyo huvunjika mguu. Anayesimama akatega masikio, akapima hatari kisha akaamua, huyo huishi. Kwa hiyo kile ambacho mwenye kigongo hukiita ukaidi ni fikra. Punda aliyesimama ghafla katika kichochoro hajakataa kazi, bali ameona au amesikia jambo ambalo bado hajalielewa.

Mafunzo yanayoanzia chini huheshimu tabia hiyo. Punda huona karibu pande zote zinazomzunguka, isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya pua. Mtoto anayemjia kutoka nyuma kimya kimya atapigwa teke, kisha ataambiwa kwamba hiyo ndiyo fadhila ya punda. Mtoto aliyefunzwa humjia kwa ubavuni, usawa wa bega, akisema naye kwanza ili masikio yageuke. Humwachia punda anuse mkono. Humkuna shingoni na juu ya mabega, mahali ambapo punda wenyewe hukunana wao kwa wao, wala hamvamii usoni.

Somo la pili ni la kamba, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto asiyefunzwa huivuta kamba kwa nguvu zake zote, na punda, ambaye ni mzito kuliko yeye, huegemea nyuma. Hapo ndipo kigongo huitwa. Aliyefunzwa huikaza kamba kidogo tu, akangoja. Punda anapojongea hatua moja, hata kama ni nusu hatua, kamba hulegezwa papo hapo. Kulegea huko ndiko jibu ambalo punda alikuwa akilitafuta. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, punda hutembea kamba ikiwa imelegea, na mtoto hugundua kwamba amemwongoza mnyama mkubwa kuliko yeye kwa vidole viwili.

Somo la tatu ni la matandiko. Soji haitupwi mgongoni kama gunia. Huonyeshwa, hunuswa, huwekwa polepole, huondolewa na kuwekwa tena. Mgongo hukaguliwa kabla na baada ya kazi, kwa sababu kidonda kidogo chini ya soji ya asubuhi huwa kidonda kikubwa ifikapo jioni. Kwato huinuliwa na kusafishwa. Punda mchanga ambaye mifupa yake haijakomaa habebeshwi mzigo wa mkubwa, hata kama umbo lake linadanganya. Ni baada ya haya yote ndipo mtoto anapopanda. Anapofika hapo, punda amekwisha kumjua.

Moyo na masikio

Huenda msomaji wa jarida hili akauliza: haya yote yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu limo katika fasihi yetu wenyewe.

Katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870, mna hadithi iitwayo "Kisa cha Punda wa Dobi". Kima aliyealikwa baharini na papa hugundua njiani kwamba moyo wake ndio unaotakiwa. Hujiokoa kwa kudai kwamba ameuacha moyo huo mtini, akarudishwa nchi kavu kuuchukua. Papa anapomsihi ashuke tena, kima humsimulia habari za punda wa dobi. Punda huyo alitoroka kwa bwana wake, akaingia mwituni akanenepa. Sungura akamlaghai akampeleka kwa simba. Simba alipomrukia mara ya kwanza, punda alipigana akaokoka. Sungura akarudi kumbembeleza, na punda akakubali kurejea kule kule alikoponea. Safari hiyo hakupona. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, na simba alipovitafuta akajibiwa kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Kama angekuwa navyo, angerudije kwa aliyetaka kumuua?

Kisa hiki kina nasaba ndefu. Asili yake ni Panchatantra ya Wahindi, kikapita katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, kisha kikawa chetu katika pwani yetu. Wasomaji wengi hukichukulia kama ushahidi mwingine wa ujinga wa punda. Lakini tukikisoma kwa makini, hoja yake ni kinyume. Kosa la punda wa dobi halikuwa ukaidi. Kosa lake lilikuwa kukubali haraka. Aliyekosa moyo na masikio ni yule aliyemrudia mtesi wake bila kukumbuka. Kwa mantiki ya hadithi yenyewe, punda anayekataa kumjia mtu aliyempiga jana ana moyo na ana masikio. Amesikia, ameweka kumbukumbu, na ameamua.

Hapa ndipo fasihi na kichochoro cha Mkomani hukutana. Mtoto anayemfukuza punda pwani asubuhi nzima bila kumkamata hufikiri kwamba ana punda mbaya. Ukweli ni kwamba ana punda mwenye akili na historia mbaya. Waswahili husema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hekima hiyo tunamkubalia mwanadamu. Hakuna sababu ya haki ya kumnyima punda.

Hoja za wanaopinga

Zipo hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni ya umaskini. Mwenye punda hulipwa kwa safari au kwa mzigo. Kila dakika ya kungoja punda afikiri ni dakika isiyolipwa. Mtu ambaye chakula cha jioni cha wanawe kimo ndani ya shogi hawezi kuhubiriwa subira na msomi aliyeketi maktabani. Hoja hii ni nzito, na anayeitupa hajaishi maisha hayo. Hata hivyo, hesabu yake haijakamilika. Punda mwenye kidonda hulala siku kadhaa bila kazi. Punda anayetoroka hupoteza asubuhi. Punda anayepiga mateke huvunja mfupa wa mtoto. Punda aliyetunzwa huweza kuishi miaka 30 na zaidi, ilhali anayetumikishwa bila huruma huzeeka na kufa akiwa bado kijana. Punda jike naye hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Aliyempoteza punda hampati mwingine kwa urahisi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2016, machinjio ya punda yalifunguliwa nchini Kenya ili kupeleka ngozi Uchina, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitangua marufuku hiyo mwaka 2021, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hesabu za sensa zinatisha: punda wa Kenya walikadiriwa kuwa milioni 1.8 mwaka 2009, na mwaka 2019 walihesabiwa kuwa chini ya milioni 1.2. Katika hali kama hiyo, subira kwa punda si anasa ya tajiri. Ni ulinzi wa mali ya maskini.

Hoja ya pili ni ya wanafasihi. Husemwa kwamba methali ni sitiari. Anayesema "punda haendi bila kigongo" anamsema mtu mvivu, wala hafundishi ufugaji. Ni kweli kwamba methali ina maana ya ndani na maana ya nje. Lakini sitiari husimama juu ya maana yake ya nje. Kama msingi si wa kweli, jengo lote lina ufa. Zaidi ya hayo, mtoto wa Mkomani huisikia methali hiyo akiwa na punda halisi mbele yake na fimbo halisi mkononi. Kwake yeye hakuna umbali baina ya sitiari na kitendo.

Hoja ya tatu ni kwamba huruma kwa punda ni jambo la kigeni, lililoletwa na Wazungu wenye fedha na wanyama wa kuchezea. Hoja hii inausahau Uislamu, ambao ndio uti wa mgongo wa utamaduni wa Lamu. Katika Sura ya An-Nahl, punda ametajwa pamoja na farasi na nyumbu kuwa neema aliyopewa mwanadamu. Hadithi sahihi zinasimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimpanda punda, na zinasimulia pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Ni kweli kwamba katika Sura ya Luqman sauti ya punda imetajwa kuwa ya kuchukiza. Lakini anayeonywa katika aya hiyo ni mwanadamu, ambaye anaambiwa aipunguze sauti yake. Wanaompigia punda kelele wangefaa kuisoma aya hiyo upya. Vilevile, sheria za Kenya zina Sura ya 360 inayokataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi. Dini na sheria zote mbili zimekwisha kusema. Kinachosalia nyuma ni methali.

Kigongo darasani

Upo mkabala mwingine ambao wanafunzi wa ualimu hawana budi kuutazama. Methali hii haikubaki barabarani. Iliingia darasani, na aliyefananishwa na punda akawa mwanafunzi. Kwa miaka mingi mwalimu mwenye kiboko alijitetea kwa methali hiyo hiyo. Nchini Kenya kanuni zilizoruhusu viboko shuleni ziliondolewa mwaka 2001, Katiba ya mwaka 2010 ikamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kupigwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaikataza waziwazi katika shule. Pamoja na hayo, si siri kwamba fimbo haijatoka kabisa katika baadhi ya madarasa.

Mwalimu akimtazama mtoto aliyefunzwa vyema akimwongoza punda wake, atajifunza mengi kuhusu ufundishaji wa lugha. Ataona kwamba mwanafunzi anaposimama kimya mbele ya darasa, huenda hajakataa kujibu, bali anapima kama mahali hapo ni salama. Ataona kwamba kuvuta kwa nguvu huzaa kuegemea nyuma. Ataona kwamba hatua ndogo inapaswa kutuzwa papo hapo, wala isisubiriwe safari nzima. Mwanafunzi aliyechekwa kwa kukosea upatanisho wa kisarufi hatafungua kinywa tena kwa muhula mzima. Mwalimu atasema mwanafunzi huyo ni mzito, kama vile mwenye kigongo anavyosema punda wake ni mkaidi. Wote wawili watakuwa wamekosea kwa namna moja.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Kutokana na hayo yaliyojadiliwa, yapo mambo matatu ambayo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuyafanya bila kusubiri ufadhili mkubwa.

La kwanza ni kukusanya msamiati. Maneno kama soji, shogi, hatamu, lijamu na vigwe yamo katika kamusi zetu, lakini ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza wanaoweza kueleza tofauti ya soji na shogi? Kihongwe ni neno la punda ambalo wengi hawajapata kulisikia. Wenye punda wa Mkomani wana msamiati wa Kiamu wa rangi za punda, umri wake, mwendo wake, maradhi yake na sauti za kumwita na kumsimamisha. Msamiati huo unaishi vinywani mwa watu wanaozeeka. Pikipiki zimekwisha kuingia kisiwani, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa upande wa bara mwaka 2021. Kazi za vijana zinabadilika, na kazi ikiondoka huondoka na maneno yake. Mtafiti mmoja mwenye daftari, akikaa mwezi mmoja na wenye punda, atarudi na tasnifu yenye manufaa kuliko nyingi zinazorudia nadharia zile zile.

La pili ni kuzifundisha methali kwa kuzihoji. Mwalimu anapofika kwenye "punda haendi bila kigongo", awaulize wanafunzi: ni nani aliyeitunga methali hii, mwenye punda au mtazamaji? Ilimfaa nani? Je, ipo methali nyingine inayoipinga? Wataikuta "haraka haraka haina baraka". Wataikuta "imani huzaa imani". Watagundua kwamba hazina ya methali ni baraza ambamo sauti mbalimbali hujibizana, na kwamba mhenga mmoja hana neno la mwisho. Kuhoji methali si kuidharau. Ni kuikubali kuwa kauli ya watu wenye akili, nayo hujibiwa kwa akili.

La tatu ni kuandika. Mtoto wa Mkomani anayejifunza kumtunza punda hana kitabu cha Kiswahili chepesi, chenye picha na lugha sanifu inayoheshimu maneno ya kwao, kitakachomweleza masomo yaliyotajwa humu. Mtaala wa umilisi unaotumika Kenya unasisitiza stadi zinazotokana na mazingira ya mwanafunzi. Katika Lamu, mazingira hayo yana masikio marefu. Kijitabu cha kurasa 20, kilichoandikwa na wanafunzi wa Kiswahili kwa ushauri wa wenye punda na matabibu wa mifugo, kingetumika darasani kama kitabu cha ufahamu na kingetumika nyumbani kama mwongozo. Huo ungekuwa mfano wa Kiswahili kinachofanya kazi.

Hitimisho

Pwani yetu ina neno zuri ambalo mwenye mzigo hulitamka anapoomba njia: simila. Anayepita na punda katika kichochoro cha Mkomani hulihitaji neno hilo kila hatua chache, kwa kuwa njia ni moja na watu ni wengi. Mtoto hufundishwa mapema kwamba mtu haparamiwi. Huombwa apishe, na hupewa nafasi ya kusogea. Punda naye anastahili adabu hiyo hiyo kutoka kwa anayemwongoza.

Wahenga walituachia methali, nao hawakutukataza kufikiri. Ikiwa "punda haendi bila kigongo" inatuonyesha jinsi watu walivyowaona punda wao, basi iendelee kusomwa kama historia. Lakini mtoto wa Mkomani anayeanza leo kazi hii akabidhiwe kwanza kamba iliyolegea na sauti ya upole, na ajifunze kusubiri nusu hatua. Kigongo akiache ukutani. Hatakihitaji, maana punda atakuwa amemsikia.